Gari letu liko baharini, na muuzaji anadai dola 364 zaidi za meli. Tulipe?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Mimi na mke wangu tuliamua kununua Noah ya kubebea wanafunzi asubuhi na jioni, maana wazazi wa mtaani kwetu wametuomba hivyo kwa muda mrefu. Tulichukua mkopo SACCOS, tukaongezea akiba yetu. Badala ya kununua gari yadi Dar es Salaam, tukaingia kwenye mnada wa Japani kwa mtandao kupitia kampuni moja ya huko, kwa sababu kila tuliyemuuliza alisema bei za mnada ni nafuu.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nilichagua Noah ya mwaka 2010 kwenye tovuti yao, wakanitumia karatasi ya mnada, gari lina alama 4 ya ubora. Nikawapa kiwango changu cha mwisho, wakashinda. Profoma, yaani ankara ya awali, ikaja: FOB, yaani bei ya gari hadi likiwa melini Japani, dola 4,150, nauli ya meli dola 1,004.50, jumla ya gari na nauli, yaani C&F Dar es Salaam dola 5,154.50. Nikalipa zote kwa TT, yaani kuhamisha fedha kwa benki. Risiti ninayo.

Juzi nimepokea barua pepe. Wanasema gari limeshapakiwa Nagoya na meli imeondoka, itafika Dar baada ya wiki tatu hivi. Kisha wanasema kampuni ya meli imepandisha nauli kutoka dola 70 hadi dola 85 kwa kila meta ya ujazo kwa sababu ya vita vya Bahari ya Shamu, na kwamba gari lilipopimwa bandarini lilikutwa na meta za ujazo 16.1. Kwa hesabu yao nauli sasa ni dola 1,368.50, kwa hiyo nadaiwa dola 364. Nisipolipa, hawatumi B/L, ile hati ya shehena ya kutolea gari bandarini.

Hiyo inakaribia milioni moja ya shilingi, na mimi sina. Shemeji yangu anasema nisitoe hata senti, C&F maana yake usafiri ni juu yao. Mke wangu anasema tukope tulipe, yaishe. Wakala wetu wa forodha anasema gari likifika bila karatasi litalala bandarini na gharama za stoo zitatumaliza. Nimerudi kusoma profoma, na chini kabisa kuna mstari wa herufi ndogo unaosema nauli ya meli ni makadirio, na itathibitishwa kwa kipimo na bei ya siku ya kupakia.

Nakuambatanishia profoma, barua pepe yao, na skani ya cheti cha kufutiwa usajili Japani walichonitumia. Pia nimeshaandika maneno ya kuwaanika Facebook, jina lao na picha za ofisi yao. Niyarushe? Na je, nilipe?

Mwalimu, Nyegezi

*

Mwalimu, pole sana wewe na mama. Fedha ya SACCOS ina marejesho kila mwezi hata kama gari bado liko baharini, kwa hiyo naelewa kwa nini nyumba imegawanyika. Nimesoma karatasi zako zote. Usilipe dola 364, wala usikatae zote. Ndani ya dai hilo mmejificha madai mawili, na kila moja lina jibu lake. Maneno ya Facebook yaweke kando kwanza, nitayarudia.

Kabla ya kugusa hesabu, hakikisha barua pepe hiyo imetoka kwao kweli. Wezi wa mtandao wanaupenda sana wakati huu: mteja ameshalipa fedha nyingi, gari liko njiani, ana wasiwasi, kisha unaingia ujumbe wa kudai nyongeza ndogo yenye haraka na akaunti mpya ya benki. Linganisha anwani ya barua pepe herufi kwa herufi na ile iliyokutumia profoma. Linganisha jina la benki, namba ya akaunti na jina la mwenye akaunti na ulikotuma TT ya kwanza. Kikibadilika chochote, piga simu kwa namba iliyoko kwenye profoma ya zamani au kwenye tovuti yao, usipige ile iliyoandikwa chini ya barua mpya. Kwa nakala uliyonitumia akaunti ni ile ile, lakini piga simu hata hivyo.

Sasa tuje kwa shemeji. Anasema kweli kuhusu maana ya C&F. Kwa kanuni za biashara za kimataifa, Incoterms, ambamo siku hizi huandikwa CFR, muuzaji ndiye anayekodi nafasi ya meli na kulipa nauli hadi bandari iliyotajwa. Kwa FOB gharama zake zinaishia gari linapokuwa ndani ya meli Japani, na nauli ni yako. Kama profoma yako ingesema tu "C&F Dar es Salaam, dola 5,154.50" bila neno lingine, ningekuambia uwajibu kwa sentensi moja kwamba bei ilishafungwa na umeshamaliza kulipa.

Tatizo ni ule mstari wa chini. Shemeji hakuusoma, na wao wataushika. Unachukua ile bei iliyoonekana imefungwa na kuifungua sehemu moja, nauli. Lakini usome tena pole pole, kwa sababu unawabana na wao pia. Unasema nauli itathibitishwa kwa kipimo na bei ya siku ya kupakia. Hausemi nauli itakuwa kiasi chochote tutakachotaja baadaye. Maana yake wanaruhusiwa kukudai kile tu ambacho kampuni ya meli iliwadai wao kwa gari hilo, siku hiyo, na wanatakiwa wakuonyeshe.

Kuna jambo jingine linaloongeza nguvu upande wako, na wanunuzi wengi hawalifikirii. Gari la mnada si sawa na gari la stoki. Gari la stoki kampuni imeshalinunua, imeliweka yadi kwake, na inakuuzia kwa bei yake. Faida yake anaijua mwenyewe. Kwenye mnada, kumbi za Japani kama zile za USS zinapokea wanachama tu, wewe wa Nyegezi huwezi kuingia na kupandisha bei. Kampuni imeingia kwa niaba yako, kama wakala wako. Imelipa bei ya mnada, ada ya ukumbi, usafiri wa ndani kutoka ukumbini hadi bandarini na shughuli za forodha ya kule, ikaweka kamisheni yake, na jumla ya hayo ndiyo FOB uliyolipa. Wakala ana haki ya kamisheni yake. Hana haki ya kutengeneza faida ya pili kimya kimya juu ya nauli ya meli. Kwa hiyo kumwomba ankara ya kampuni ya meli si kumtukana wala kumshuku, ni kumtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue kalamu. Nauli ya magari kwa meli hizi za kupakia kwa kuendesha inahesabiwa kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo, kisha mara bei ya meta moja ya ujazo. Vipimo hivyo havihitaji kubishaniwa sana, viko kwenye ile skani uliyonitumia. Cheti cha kufuta usajili cha Japani kina visanduku vya urefu, upana na kimo kwa sentimeta, na vyako vinasomeka 459, 169 na 185. Zidisha 4.59 kwa 1.69 kwa 1.85, unapata meta za ujazo 14.35. Kwa dola 70 inakuwa 1,004.50, ile ile iliyoko kwenye profoma. Kwa hiyo walipokupa profoma walitumia vipimo vya cheti, na walivitumia sawasawa.

Kwa bei mpya ya dola 85, meta 14.35 zinatoa dola 1,219.75. Toa 1,004.50, zinabaki 215.25. Hilo ni dai la kwanza, la bei kupanda. Kilichobaki mpaka kufika 364 ni dola 148.75, na hizo zote zinatokana na kusema gari lina meta 16.1 badala ya 14.35. Hilo ni dai la pili, la gari kunenepa.

Gari halinenepi likiwa linasubiri meli. Lakini usikimbilie kusema wameiba, kwa sababu iko njia moja ya halali. Ukigawanya 16.1 kwa urefu na upana wa cheti unapata kimo cha takriban sentimeta 207, yaani zaidi ya kimo cha cheti kwa sentimeta 22 hivi. Hicho kinaweza kuwa kimo cha Noah yenye keria juu ya paa. Cheti kinaandika gari lilivyosajiliwa, lakini kampuni ya meli inapima linavyofika bandarini, na keria inalipiwa kama bati jingine lolote, pamoja na hewa iliyo katikati yake. Fungua picha za mnada sasa hivi utazame paa. Ukiona keria, basi 148.75 ina maelezo, japo una haki ya kuuliza kwa nini hawakukushauri iondolewe kabla ya kupakia wakati picha walikuwa nazo tangu mwanzo. Usipoiona, hilo dai la pili halina miguu.

Anayemaliza ubishi huu ni B/L yenyewe. Hati hiyo ya shehena inaandikwa na kampuni ya meli, na mbali na namba ya chesesi na uzito ina safu ya ujazo kwa M3. Nakala yake wanaweza kukutumia kwa barua pepe leo bila kukukabidhi gari, kwa sababu nakala haitoi gari bandarini. Iombe. Kama safu ya M3 inasema 14.35 au tarakimu inayokaribiana nayo sana, 16.1 haikutoka kwenye meli. Kama inasema 16.1, kampuni ya meli ilipima hivyo, na mzozo wako na muuzaji unabaki kwenye bei ya meta.

Kuhusu bei hiyo na Bahari ya Shamu. Meli inayotoka Nagoya kuja Dar es Salaam hushuka hadi mlango wa Malaka na kukata Bahari ya Hindi. Haipiti Bahari ya Shamu hata kidogo, kwa hiyo kama wanataka kusema meli yako ilizunguka, haikuzunguka. Ila usiwajibu kwa dharau. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waliiteka Galaxy Leader, ambayo ilikuwa meli ya kubeba magari iliyokodiwa na kampuni ya Kijapani ya NYK. Baada ya hapo kampuni nyingi ziliacha njia ya Suez na kuanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Ulaya. Safari ikiwa ndefu, meli ile ile inafanya mizunguko michache kwa mwaka, na nafasi zinapungua hata kwenye njia ambazo hazina vita. Kwa hiyo nauli inaweza kupanda Nagoya kwa sababu ya kombora lililorushwa mbali sana na Nagoya. Inaweza. Kama ilipanda kweli, kati ya siku ya profoma yako na siku ya kupakia, hilo linaonekana kwenye ankara ya kampuni ya meli, na halionekani kwenye habari za televisheni. Omba ankara.

Waandikie leo, kwa Kiingereza chepesi, bila hasira na bila hadithi ndefu. Anza na namba ya profoma, namba ya chesesi, na tarehe uliyolipa dola 5,154.50 kwa C&F Dar es Salaam. Sema umepokea dai la dola 364, na kwa mujibu wa mstari wao wenyewe unaomba vitu viwili: ankara ya kampuni ya meli kwa gari hilo, na nakala ya B/L inayoonyesha M3. Waonyeshe hesabu yako, kwamba kwa vipimo vya cheti walichokutumia ujazo ni 14.35. Kisha waambie hivi: mkionyesha kwamba nauli ya siku ya kupakia ilikuwa dola 85, nitalipa dola 215.25 mara moja, na kuhusu ujazo nitafuata tarakimu ya B/L. Wape siku tatu za kazi, na omba wathibitishe kwamba wakishapokea kiasi kitakachothibitika hati asili zitatumwa kwa kurieri siku hiyo hiyo.

Ile ahadi ya kulipa iliyoko katikati ndiyo yenye nguvu. Nimeona mizozo mingi ya namna hii ikikwama kwa sababu mnunuzi anaandika kurasa tatu za malalamiko na hasemi atalipa nini. Muuzaji anasoma, anaona mtu asiyetaka kulipa, anafunga kompyuta na kuendelea na mteja mwingine. Akiona fedha mezani zinazosubiri karatasi moja tu, na karatasi hiyo anayo kwenye faili, ataitafuta. Na asipoitafuta, ukimya wake utakuwa ushahidi wako.

Sasa nimsemee mama, kwa sababu hofu yake si ya bure, na wakala wenu wa forodha hakuwatisha ovyo. Gari likishushwa Dar lina siku chache za bure, zikiisha stoo inaanza kuhesabiwa kila siku, na hakuna anayesimamisha saa hiyo eti kwa kuwa mnabishana na Japani. Bila B/L asili, au bila kampuni ya meli kupewa maelekezo ya kuachia mzigo bila hati asili, wakala hawezi kupata idhini ya kuchukua gari. Muulize wakala wako leo, akujibu kwa maandishi: siku za bure ni ngapi kwa gari la kubaki nchini, stoo ya Noah kwa siku ni kiasi gani, na karatasi zinatakiwa ziwe mkononi mwake tarehe ipi ili atoe gari bila stoo. Tarehe hiyo iandike ukutani. Ndiyo mwisho wa ubishi wenu, lolote litakalokuwa limetokea.

Nasema hivyo kwa moyo mzito, kwa sababu sipendi mtu alipe asichodaiwa. Lakini kama siku hiyo imefika na bado wameshikilia hati kwa ajili ya dola 148.75, lipeni, gari litoke, mbishane likiwa nyumbani. Mnapolipa, andikeni kwenye barua pepe siku hiyo hiyo, kabla ya kutuma fedha, kwamba mnalipa ili gari lisilale bandarini, hamkubali kwamba mnadaiwa kiasi hicho, na mnadai kirudishwe. Sentensi hiyo moja inatofautisha mtu aliyekubali na mtu aliyelazimishwa, na mtakapopeleka malalamiko mbele itasomwa kabla ya kitu kingine.

Kuhusu kupeleka mbele. Kama kampuni hiyo ina ofisi au mwakilishi hapa nchini, na nyingi zinayo Dar es Salaam, anzia huko ana kwa ana au mtume ndugu aliyeko Dar na karatasi zote. Mtu wa ofisi ya hapa ana mengi ya kupoteza kuliko karani wa Japani, na mara nyingi anamaliza jambo kwa simu moja. Akishindikana, Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia pia malalamiko ya walaji, na ofisi iliyoko hapa inaweza kuitwa ijieleze. Kama hawana mtu hapa, tazama kama ni wanachama wa JUMVEA, umoja wa Japani wa wauza nje magari yaliyotumika. Orodha ya wanachama iko mtandaoni, na mwanachama hapendi barua yenye namba ya profoma, tarehe na hesabu ifike pale. Nakala mpelekee Ubalozi wa Tanzania Tokyo. Mahakama sikushauri kwa dola mia na ushee dhidi ya kampuni iliyoko Japani. Gharama itazidi deni.

Na Facebook? Leo hapana. Bado hujui kama 16.1 ni wizi au keria. Ukishamwita mtu mwizi hadharani na picha ya ofisi yake, kisha B/L ikaja na 16.1, umejitia kwenye kesi wewe mwalimu, na gari lako bado liko mikononi mwa uliyemtukana. Baada ya gari kutoka, kama walikataa kuonyesha ankara na hawakurudisha fedha, waandikie wengine yaliyotokea bila matusi: nililipa kiasi hiki kwa C&F, wakadai hiki, niliomba ankara tarehe hii, sikupewa. Wanunuzi wenzako wa Mwanza na Shinyanga watajua la kufanya wakisoma hivyo tu.

Kuna jambo umeniandikia pembeni ya profoma kwa kalamu, kwamba unaogopa nyongeza hii itapandisha na ushuru. Usipoteze usingizi kwa hilo. Kwa magari yaliyotumika TRA ina mfumo wake wa thamani, na kikokotoo kiko kwenye tovuti yao. Ingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini uone. Kodi haisubiri mmalizane na Japani. Ninachokuomba ni kwamba fedha ya kodi msiiguse kulipia hizi dola 364, maana nimeona gari linafika, B/L ipo, na mwenye gari hana cha kulipa TRA kwa sababu alimaliza akiba kwenye mzozo wa nauli.

Mkija kununua la pili, mengi yatakwisha kabla hamjatoa fedha mkiuliza maswali machache kwenye profoma. Je, nauli imefungwa au ni makadirio? Kama imefungwa, waandike neno hilo na tarehe ya mwisho ya kuheshimiwa. Je, ujazo uliotumika ni meta ngapi, na ni wa cheti au wa gari lilivyo na keria, bampa la ziada na tairi la nyuma? Je, bima imo? C&F haina bima ya baharini, na gari likishapakiwa hasara ya njiani ni yako hata kama nauli amelipa muuzaji, kwa hiyo kwenye gari la mkopo ningeongeza bima kuliko kubana hapo. Na ada ya kutuma hati kwa kurieri iko kwa nani? Muuzaji mzuri anajibu haya kwa dakika tano. Anayekasirika umeshamjua mapema.

Nakala ya B/L ikifika, usitazame safu ya M3 peke yake. Soma namba ya chesesi tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na cheti, kisha soma jina lako. Liwe lile lile lililoko kwenye TIN yako, majina yote matatu kama yapo matatu, kwa tahajia ile ile. Likiwa limekosewa, waambie warekebishe sasa meli ikiwa bado njiani, kwani marekebisho baada ya meli kufika yanalipiwa na yanakula zile siku za bure.